Mgeni wa Banda la Vitoroli

Harufu ndiyo iliyotangulia. Kila asubuhi Haroub alipofungua kufuli na kuuchomoa mnyororo, banda la vitoroli vya supamaketi lilinukia marashi, yale ya kunyunyiziwa watu kwenye maulidi, na kiti cha mtoto cha kitoroli cha mwisho kilikuwa kimeloa. Mvua haikuwa imenyesha. Tena kitoroli chenyewe, alichokisukuma kwa mikono yake mpaka kikaingia ndani ya wenzake, kilikutwa kimegeuka, kinatazama nje.

Haroub alikipangusa kwa kitambaa, akakirudisha mahali pake, akanyamaza. Alikuwa na sababu ya kunyamaza. Lakini wazee walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Supamaketi hiyo iko Chukwani, upande wa baharini, na Haroub ndiye fundi wake. Banda alilijenga yeye. Hewa ya chumvi ya pale hula chuma kama mchwa alavyo mti, lakini banda la Haroub halikuwa na doa la kutu. Nguzo alizipaka rangi ya kuzuia kutu kabla hajazisimamisha, mabati aliyafunga kwa bolti wala si kwa misumari, ncha zote alizisaga zisije zikamkata mtoto wa mtu, na kila jioni alipitisha mnyororo katika vitoroli vyote akatia kufuli, maana vitoroli vya mwanzo vilionekana mitaani vikibeba madumu ya maji. Meneja, Bwana Tahir, aliyeletwa kutoka mjini, alikuwa akimsifu mbele ya wageni. Haroub alizipenda sifa hizo kuliko chakula.

Basi pale banda liliposimama palikuwa na jiwe la mwamba lenye pango dogo, na ndani ya pango hilo mama yake Haroub, Bi Rukaiya, alikuwa akifukiza ubani, kumwaga marashi na kutundika matambara meupe tangu Haroub hajaota meno. Bi Rukaiya ni Mtumbatu, mtu wa kisiwa cha Tumbatu, aliyeolewa Chukwani, na ana jini. Jina halitaji, humwita Mgeni. Mgeni akimpanda kichwani huzungumza kwa kinywa chake, na watoto wa chuo cha Kurani walimcheka Haroub kwa hilo mpaka akakua na aibu kama watu wengine wanavyokua na kovu. Kabla ya ujenzi, Bwana Tahir aliuliza, kama ilivyo desturi, iwapo mahali pale pana wenyewe wasioonekana, ili dua isomwe kwanza na wenyewe waombwe. Haroub alisema hapana kitu, ni matambara ya wendawazimu tu. Usi, dereva wa teksi na jirani yake, alikuwapo, akainama kutazama viatu vyake.

Haroub akayachoma yale matambara meupe, akalivunja jiwe kwa mtaimbo, vipande akavitia katika mashimo ya nguzo na kuvimwagia zege. Ndiyo maana banda lile halitikisiki. Mama alipouliza, alimwambia wakubwa ndio waliovunja, yeye ni mtu wa kutumwa. Bi Rukaiya aliamini, kwa sababu mwanawe ndiye aliyesema.

Zikapita siku, harufu ikazidi. Ikawa kila jua likikaribia kuchwa, mnyororo unatingishika wenyewe polepole, na wateja wanalalamika kwamba vitoroli vingine ni vizito vikiwa vitupu. Mama mmoja alimwinua mwanawe kutoka kwenye kiti akisema mtoto analia kuwa kuna mtu amekaa pale. Haroub alitia mafuta magurudumu, akakaza bolti ambazo hazikulegea.

Jioni moja ya Jumamosi, watu wamejaa, Bi Rukaiya akaja. Alikuwa amejifunga kanga iliyochuja, chetezo cha ubani mkononi, mrashi kwapani. Akapiga magoti mbele ya banda, akaanza kufukiza. Watu wakasimama. Simu zikatolewa, vijana wakacheka, na Bwana Tahir akatoka ndani kwa haraka akauliza bibi yule ni nani na anafanya uchawi gani kwenye duka lake. Akamgeukia Haroub.

"Wewe mwenyeji wa hapa. Unamjua huyu?"

Haroub aliwaona wote wakimtazama. Aliusikia ulimi wake kabla hajaamua.

"Simjui."

Bi Rukaiya aliinua macho, akamtazama mwanawe kidogo, kisha akaanza kuzima makaa kwa mchanga. Alipoinuka alishika nguzo ya banda, ile nguzo imara, asianguke.

"Mnisamehe, baba," alimwambia Bwana Tahir. "Nimepotea njia."

Akaenda zake. Haroub hakumfuata. Aibu ilimwaka usoni, na kibaya zaidi, pamoja na aibu alisikia nafuu, na nafuu ile ndiyo iliyokuja kumtesa baadaye kuliko neno lenyewe.

Watu walipotawanyika, adhana ya magharibi ikiwa hewani, alipitisha mnyororo, na alipokuwa amepinda mgongo kutia kufuli akasikia anaitwa kutoka ndani ya banda, "Haroub", kwa sauti ya mama yake, sauti ile ile ya kumwita aje kula. Kila mtoto wa Unguja hufundishwa kwamba ukiitwa magharibi na usiyemwona usiitike, lakini moyo wake ulikuwa umejaa mama, na mdomo ukasema, "Naam." Mara vitoroli vyote kwa pamoja vikasogea mbele mpaka mnyororo ukakaza, harufu ya marashi ikampanda puani mpaka kooni, na kitu kikavuta pumzi ndefu kama mtu aliyeshushwa mzigo, na Haroub akakimbia hadi nyumbani bila kuangalia nyuma.

Nyumbani alimkuta mama yake amekaa kitandani, na Shemsa, dada yake Haroub, anamkanda mikono. Bi Rukaiya alikuwa akifungua kinywa na hakitoki kitu. Hakuwa na homa. Sauti tu ndiyo iliyokuwa imeondoka.

Wakamwita Mwalimu Kheir, msomaji wa visomo. Alisoma, akampulizia maji. Kisha akamvuta Haroub ukumbini na kumwambia kwa kunong'ona kwamba Mgeni hakuja kudai jiwe.

"Mwenyeji wake amekanwa mbele za watu. Sauti iliyokanwa kaichukua yeye. Nenda ukamwambie pale pale, watu wakiwapo, kwamba yule ni mama yako."

"Watu wakiwapo, mwalimu?"

"Kosa la hadharani, mwanangu, toba yake hadharani."

Haroub aliahidi. Jumapili akaenda, akaona watu ni wengi. Jumatatu Bwana Tahir alikuwa na wageni. Kila alipokaribia, uso ulimwaka, akajisingizia bolti ya kukaza. Shemsa alimuuliza kila jioni, naye alijibu kesho, na mama yao aliwatazama wote wawili bila neno.

Ijumaa ilipofika akapata hila. Supamaketi hufungwa kwa ajili ya sala, na wanaume wote huwa msikitini. Haroub aliiacha Ijumaa yake, jambo ambalo hajapata kulifanya, akarudi peke yake chini ya jua la utosi. Uwanja ulikuwa mtupu. Akasogeza mdomo kwenye mabati, kwa sauti ya mwizi, akasema: yule ni mama yangu, Bi Rukaiya, mimi ndiye niliyelivunja jiwe.

Kitoroli cha mwisho kiligeuka taratibu, kikamtazama. Kutoka ndani ya banda, kwa sauti yake yeye mwenyewe Haroub, kitu kikasema:

"Simjui."

Alirudi nyumbani anakimbia, kandambili mkononi. Mlangoni akakutana na Shemsa analia na kucheka, anamwambia mama amesema, ameomba maji, amesoma Fatiha yote. Haroub alimpita, akapiga magoti kando ya kitanda, akaushika mkono wa mama yake.

Bi Rukaiya alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgeni. Akautoa mkono wake polepole.

"Samahani, baba," alisema. "Umepotea njia?"

Shemsa anamjua. Usi anamjua, na majirani wote kwa majina yao. Lakini mtoto wa kiume, yeye husema hakujaaliwa kumpata.

Sasa Haroub hasubiri watu wapungue. Kila Jumamosi alasiri, duka likiwa limefurika, husimama mbele ya banda na kuwatangazia wateja kwamba yeye ni mtoto wa Bi Rukaiya wa jini. Wengine hucheka, wengine huwavuta watoto wao. Simu hutolewa. Banda lenyewe liko imara mpaka leo, halina kutu, na wanaosimama karibu husema kwamba kila akimaliza kusema, kuna mtu humo ndani anayemjibu taratibu kwamba hamjui.