Aliyegonga Chini ya Sakafu

Jumapili mchana, mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi ukiwa umeshiba ugali wa bukari na kulala, Godelieve alisikia mtu anagonga chini ya sakafu.

Alikuwa kwenye cherehani yake karibu na mlango, akipinda ukingo wa kikwembe cha jirani. Akasimamisha mguu. Chuma juu ya jiwe, polepole, kama mchimbaji anayepima mwamba kabla ya kuuvunja. Kwa mtaa ule sauti hiyo haikuwa ajabu. Nyumba nyingi zina shimo chumbani, na watu wamezoea kula na kulala juu ya vichwa vya wanaofukua kobalti. Lakini Jumapili hakuna anayeshuka. Na shimo la kwao, katika chumba cha nyuma, lilikuwa limefunikwa kwa mbao tangu masika, siku udongo ulipomwangukia Benoît, mdogo wa mumewe. Maji yalijaa, na mwili wake haukupatikana.

Ikaja harufu ya udongo mbichi na chuma kilicholowa.

Mama Ngoy, mama mkwe wake, akatokea jikoni na mwiko mkononi. Naye alikuwa amesikia. Usoni hakuwa na hofu hata chembe, na hilo ndilo lililomtisha Godelieve.

"Ni Benoît," mama akasema. "Mutoto ana njaa."

"Mama, Benoît alishakufa."

"Najua. Njo maana anagonga. Kama hakukufa, angeingia ku mulango."

Jioni ile Mama Ngoy aliweka sahani ya bukari na dagaa kando ya zile mbao, akanyunyiza unga wa udongo mweupe kuizunguka. Kwao, Waluba wa kaskazini, marehemu hageuki kuwa si kitu. Huwa mukishi: akipewa fungu lake hulinda nyumba, akisahauliwa huuma. Asubuhi sahani ilikuwa safi kama iliyolambwa. Juu ya unga mweupe palikuwa na alama ya kiganja, vidole vikielekea ndani ya nyumba.

Stany, mume wa Godelieve, alisema ni panya. Lakini tangu siku ile alilala ameelekeza uso kwenye chumba cha nyuma, na mara mbili mkewe alimsikia akijibu, "Ndiyo, ndugu," kwa sauti ya mtu aliye macho kabisa.

Godelieve akamwita katekista Antoine wa parokia yao. Antoine alisikiliza, akavua kofia. Kwa imani yake hiyo ilikuwa roho iliyo toharani, inayoomba kuombewa. Akanyunyiza maji ya baraka, wakapiga magoti, wakaanza litania. Kila alipotaja mtakatifu waliitikia, "Utuombee." Walipofika katikati, Godelieve aligundua kwamba kuna sauti inayoitikia kwa kuchelewa kidogo, baada ya wote kufunga vinywa, sauti ya mtu mwenye udongo kooni, nayo ilikuwa inatoka chini ya magoti yake.

Antoine alimaliza sala. Mlangoni akamshika Godelieve mkono.

"Ile haiko roho ya toharani," akanong'ona. "Ibilisi naye anajua sala. Muzike marehemu yenu na misa, hata kama ni manguo yake tu. Shimo, mulifunge. Mutu asishuke tena."

Kesho yake akaja Tata Radjabu, mwuza vitambaa wa nyumba ya pili, Mwislamu wa Kasongo. Hakuvuka kizingiti cha chumba cha nyuma.

"Kwetu tunasema kila mutu anazaliwa na karini wake, jini mwenzake," alisema. "Mutu akikufa, karini anabaki. Anajua sauti yake, anajua mama yake, anajua chakula alipenda. Lakini si yeye. Mama, ule haiko mutoto wako."

"Na weye, ulimuzaa?" Mama Ngoy akamwuliza.

Radjabu akageukia chumba cha nyuma. Akafungua viganja, akaanza kusoma. Godelieve hakujua Kiarabu, lakini alijua wakati sauti ziligeuka kuwa mbili. Ile ya chini ilikwenda sambamba na ya mzee, kisha ikampita, ikatangulia kumaliza aya ambazo yeye alikuwa bado hajazifikia, na ikaendelea, na kuendelea, mpaka mzee akanyamaza na wote wakabaki wakisikiliza kisomo kinachopanda peke yake kupitia nyufa za mbao.

"Hata katika majini kuna waumini," Radjabu alisema taratibu. "Lakini muumini anavuta pumzi. Huyu hapumui. Mumuzike ndugu yenu, mufunge shimo. Asishuke mutu."

Jioni nyumba iligeuka baraza la ugomvi. Mukishi, mama alisema. Shetani, alisema Antoine aliyekuwa amerudi na msalaba. Jini, alisema Radjabu. Godelieve mwenyewe alikuwa na jina lake, ila alilificha kwa sababu hapo ni ukweni. Bibi yake wa Kasai angemwita huyu mujangi: mfu aliyekosa kuliliwa vizuri, anayerudi kutafuta mtu wa kukaa mahali pake.

Akawasikiliza mpaka akachoka.

"Munagombania jina," akasema. "Lakini wote munasema neno moja. Azikwe, na shimo lifungwe. Hata bibi yangu angesema vile."

Stany akasema, "Tutamuzika." Kuhusu shimo hakusema kitu, na katika furaha ya kupatana hakuna aliyeligundua hilo.

Wakamzika. Godelieve alikunja suti ya Benoît ya Jumapili, akaitia ndani ya sanduku jepesi la mbao. Mama Ngoy alipaka kifuniko udongo mweupe, Antoine akasali, Radjabu akasindikiza kwa nyuma. Walipotoka nyumbani vijana wawili walilibeba sanduku kama kikapu kitupu. Njiani wakabadilishana mabega, wakaitwa wengine wasaidie, na walipofika makaburini wanaume sita walikuwa wanatweta na mishipa imewatoka shingoni, wala hakuna aliyethubutu kumwuliza mwenzake ni kitu gani wanachobeba.

Kamba ikateleza. Sanduku likagonga ukingo wa kaburi, kifuniko kikasogea. Godelieve akainama kukirudisha, na chini ya suti ya Benoît akaona shati ambalo hakuliweka yeye. Lilikuwa limelowa chapachapa kwa matope mekundu. Alilitambua kwa mshono wake mwenyewe: ndege wa manjano mbele, mgongo wa bluu, vipande vya vikwembe viwili alivyobakiza. La pili halikuwepo Kolwezi nzima.

Akainua macho. Ng'ambo ya kaburi Stany alikuwa amesimama, mkavu, amelivaa.

Godelieve alisukuma kifuniko kwa mikono miwili. "Mushushe," akasema. "Upesi."

Baada ya hapo nyumba ikatulia. Harufu ikaisha. Mama Ngoy alilia kwa mara ya kwanza kama aliyefiwa. Godelieve alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia mumewe alichokiona, na siku alipoyapata alimkuta katika chumba cha nyuma, mbao zimetolewa, taa iko kichwani, anafunga kamba.

Akamweleza yote. Stany alisikiliza akiitazama kamba.

"Maji ilikauka," akasema. "Na kule mbele kuko madini ya muzuri. Benoît aliniambia."

"Alikuambia wakati gani?"

"Juzi."

Godelieve akaanguka magotini, akamshika miguu. Mumewe akamwondoa kwa upole, akavua lile shati la ndege, akaliweka mapajani mwa mkewe.

"Kama kitu inatafuta mwenye hii shati, haitamuona. Njo hii, iko kwako."

Akashuka kifua wazi, akikanyaga vitobo vya ukutani, hadi mwanga wa taa yake ukawa mdogo na kugeukia ndani ya mwamba. Mkewe alimwita. Chini kukajibu, "Ndiyo," lakini walijibu wawili.

Alibaki ukingoni, kamba mkononi, akisubiri iguswe kutoka chini. Haikuguswa. Alipohisi ubaridi mapajani alidhani ni jasho. Akatazama chini. Ndege wa manjano wa lile shati walikuwa wanageuka wekundu mmoja baada ya mwingine, na matope yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye kola.