Pumzi Ndani ya Mtungi

Nilikwenda kuazima spana. Ndivyo nilivyomwambia mke wangu, jua likiwa limeshazama nyuma ya mapaa ya mabati. Spana namba kumi na saba. Ninazo tatu.

Ukweli ni kwamba nilikwenda kuangalia kama mdogo wangu ameanza kufa.

Tumetoka tumbo moja, na ufundi tumefundishwa na baba yuleyule. Mimi nikafungua gereji barabarani, vifaa vyote vya dukani. Kompresa yangu nyekundu, mashine ya kubana hewa, hata nailoni yake sikuivua. Yeye, kitinda mimba, akajibanza kwenye banda nyuma ya nyumba yake akaanza kuokota vyuma. Mabomba ya maji na jeki ya lori vikawa winchi ya kunyanyulia injini. Fremu ya kitanda ikawa meza ya kuchomelea. Mota ya friji bovu akaiunganisha kwa mpira na mtungi mtupu wa gesi, akapata kompresa ya kupulizia rangi. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Kisha akatoa gari lake la kwanza. Lilikuwa gofu la kulalia kuku. Likatoka linang'aa hata ungeweza kujitazama ukinyoa ndevu. Wateja wangu wakawa wanasimama mlangoni kwangu, wananiuliza, "Samahani fundi, kwa mdogo wako ni njia ipi?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Basi mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwake.

Nilimwendea bibi mmoja anayejulikana kwa kazi za kuroga. Aliniinamishia kikopo chenye unga mweusi, akaniambia nitamke ndani yake ninachotaka. Nikanong'ona, katikati nikakohoa. Akakifunika upesi.

"Kaweke panapopumua kazi yake," alisema. "Na ukishaweka, usirudi kutazama."

Mchana wa siku ile ya spana, mdogo wangu alipoingia ndani kula, nilifungua geji ya kupimia hewa juu ya mtungi wake, nikamimina unga wote, nikairudisha. Ningekaa kwangu nikasubiri habari. Lakini wivu hauna subira.

"Karibu, kaka!" aliniitikia kutoka bandani. "Ngoja nimwage maji kwanza."

Hewa ikibanwa huacha maji ndani ya mtungi, na maji yakiingia kwenye rangi, rangi hufura malengelenge. Kwa hiyo fundi huyamwaga kila jioni kwa kulegeza bolti ya chini. Kila fundi anajua. Mimi nilisahau, kwa kuwa yangu sijawahi kuitumia kiasi cha kutoa maji.

Aliinama, akalegeza bolti.

Sssss...

Maji meusi yakachuruzika. Ikaja harufu ya udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Kisha ile sauti ya hewa ikabadilika, ikawa nene, ikawa na maneno.

"Mpunguzie pumzi..."

Ilikuwa sauti yangu.

"...mdogo wangu... mpunguzie mpaka imwishe..."

Hata kile kikohozi changu cha katikati kilikuwemo.

Mdogo wangu hakuinuka. Nami nilikuwa nikitazama sakafu, kwa maana vumbi lilikuwa linatambaa. Linakwenda kwenye tundu la bolti. Mtungi ulikuwa unavuta hewa, na waya wa mota umelala chini, haujachomekwa popote.

Halafu kifua changu kikawa kitupu.

Nilianguka magoti. Nilifungua mdomo, hakuna kilichoingia. Juu ya mtungi, mshale wa geji ulikuwa unapanda.

Mdogo wangu alinitazama. Akautazama mtungi. Alichelewa, na sijui alikuwa anawaza nini, lakini mwishowe aliikaza bolti, akachomeka waya. Mota ikanguruma. Nikapumua.

Akaizima. Pumzi ikakatika.

Akaiwasha.

"Ile ilikuwa sauti yako," alinong'ona. Hakusema kaka. Hajasema tena hadi leo.

Picha ya kifua ilionyesha mapafu safi. Daktari alilaumu moshi wa kuchomelea. Yule bibi nilipomrudia aliniona kwa mbali tu, akafunga mlango na komeo.

Sasa nalala bandani kwa mdogo wangu. Mota ya friji haikuundwa kwenda mchana kutwa na usiku kucha, inapata moto, basi ameunganisha ya pili, zinapokezana. Ya tatu anaitafuta. Ameweka na betri mbili za lori kwa ajili ya umeme unapokatika. Kila anapobadilisha hunihesabia, moja, mbili, nami nashika ukuta. Mama anadhani tumepatana na kufanya kazi pamoja, na amefurahi.

Jana mteja mmoja aliizunguka ile kompresa, akapiga mluzi, akasema hajaona mkono wa fundi kama ule. Mdogo wangu akacheka. Nami ninayeishi kwa mashine ile, Mungu anisamehe, roho iliniuma vilevile.

Mteja akaenda zake. Kwenye mtungi kukatoka sssss, nene kama siku ile. Mdogo wangu akageuka polepole, kidole kikiwa juu ya swichi.

"Umesema nini?"

Sikuwa nimefungua mdomo.