Safari ya Kumwona Mtoto wa Dorine

Mvua ya mawe iliwapata katikati ya msitu. Mwanzoni zilikuwa punje moja moja, zikigonga paa la pikapu kama mtu anayemwaga mahindi kwenye bati. Kisha mbingu ikafunguka. Barabara ikageuka nyeupe, na Nicholas akawa haoni hata mwisho wa boneti.

"Simamisha," alisema shangazi yake, Rebeccah, aliyekaa katikati.

Nicholas alikanyaga breki. Pikapu haikusimama. Iliteleza kiubavu juu ya barafu na matope, taratibu kabisa, kana kwamba kuna mkono ulioamua kuisogeza kando. Ikavuka ukingo wa barabara, ikavunja mianzi, ikabingirika, na ikatua kwa magurudumu yake chini ya korongo, pua ikiwa ndani ya kijito.

Asubuhi ile hakukuwa na jambo lolote gumu katika mipango yao. Rebeccah alikuwa mkulima wa majani chai na ng'ombe wa maziwa karibu na Silibwet. Waringa, aliyekaa upande wa dirisha, aliuza vitambaa pale pale senta, mahali wazazi wake walipofika kutoka Murang'a kabla yeye hajazaliwa. Binti ya Rebeccah, Dorine, aliolewa na Kuria, mtoto wa Waringa, na sasa walikuwa wamepata mtoto wa kwanza. Waliishi upande wa pili wa msitu wa Mau, ambako Kuria alikuwa fundi wa mitambo. Nyanya hao wawili wangeenda, wamwone mtoto, wale chakula cha mchana, na Rebeccah awe amerudi kabla ya saa za kukamua. Daraja la barabara kuu lilikuwa linatengenezwa, kwa hiyo Nicholas akaamua kupitia njia ya msituni. Ndiyo hiyo tu.

Waringa alifungua macho, akahisi damu mdomoni. Alikuwa ameuma ulimi. Rebeccah alikuwa anapumua kwa nguvu kando yake.

"Mama Kuria, uko sawa?"

"Niko. Na wewe?"

"Bega tu. Nicholas?"

Nicholas hakujibu. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, uso umekuwa wa majivu. Upande wake wa gari ulikuwa umebonyea ndani na kumbana mguu. Walipomvuta kumtoa alipiga ukelele mmoja, kisha akanyamaza kabisa, na hilo liliwatisha kuliko ukelele. Chini ya goti muundi ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Maji yalikuwa tayari yanaingia mlangoni, rangi ya chai ya maziwa, yamebeba majani na vipande vya barafu.

"Hii maji inapanda," Rebeccah alisema. "Tutoke saa hii."

Walitazama ukuta wa korongo walikoporomokea. Ulikuwa matope matupu, mrefu kuliko nyumba. Hata mbuzi asingeupanda, sembuse wanawake wawili waliovuka hamsini na kijana asiyeweza kusimama. Ng'ambo ya pili ya kijito ilikuwa na mteremko mpole na mizizi ya kushikilia. Waringa akachomoa turubai nyuma ya pikapu. Rebeccah akajifunga mgongoni furushi la blanketi za mtoto na kutundika begani kibuyu cha mursik, maziwa aliyoyagandisha mwenyewe kwa ajili ya Dorine. Sufuria ya njahi, maharagwe meusi ya mama aliyejifungua, aliyoipika Waringa tangu alfajiri ilibaki kwenye kiti. Wakamshika Nicholas huku na huku, wakaingia majini.

Maji yaliwafika magotini, kisha mapajani. Yalikuwa baridi ya kuuma mifupa. Walipofika ng'ambo walimvuta kijana kwa mabega hadi kwenye shina la mti mkubwa, na hapo ndipo waliposikia.

Haikuwa sauti ya mto. Ilikuwa kama lori nyingi zinazoshuka mlima kwa wakati mmoja. Kutoka juu ya korongo ulikuja ukuta wa maji meusi, umesimama wima, umebeba magogo kana kwamba ni njiti za kiberiti. Uliifikia pikapu. Pikapu ikanyanyuka, ikageuka kama jani, ikaonyesha tumbo lake, halafu haikuwepo. Pale walipokuwa wamekaa muda mfupi uliopita, sasa palikuwa na mto.

Waringa alijikuta ameshika mkono wa mzazi mwenzake, na hakukumbuka aliushika lini.

Simu ya Rebeccah ilikuwa imelowa na kufa. Ya Waringa iliwaka, lakini mtandao haukuwepo hata kidogo. Ya Nicholas ilikuwa imekwenda na gari.

"Kwanza mguu," Waringa alisema.

Alichana leso yake vipande virefu kwa meno na mikono, kama alivyochana vitambaa dukani kila siku. Rebeccah alivunja mianzi mikavu, akaipima kando ya mguu wa kijana. Wakampa Nicholas tawi aume. Rebeccah akashika kisigino, akavuta, na Waringa akafunga haraka, machozi yakimtoka huku mikono yake ikiwa imara.

Mawe ya mvua yalikuwa yamejaa kila mahali, meupe chini ya moshi wa ukungu. Maji ya mto yalikuwa tope, kwa hiyo walikusanya mawe yale kwenye turubai na kuyanyonya. Waringa alishangaa utamu wake. Maisha yake yote alikuwa ameilaani mvua hii kwa kuharibu majani chai ya wateja wake, na sasa alikuwa anaila.

"Anti," Nicholas alisema, "niacheni hapa. Nyinyi muende mlete watu."

"Nitamwambia nini mama yako?" Rebeccah alimjibu. "Kwamba nilikuwa na haraka?"

"Hatukuachi," Waringa alisema. "Usirudie hiyo maneno."

Usiku uliwakuta pale pale chini ya mti. Walijibana watatu ndani ya turubai, kijana katikati, wamejifunika blanketi ndogo za mtoto vifuani. Walipokezana kibuyu, kila mmoja funda moja, maziwa mazito yenye ladha ya mkaa. Msitu ulitoa sauti ambazo hawakuzijua.

Kulipopambazuka ukungu ulikuwa umefunga kila kitu. Mto bado ulinguruma.

"Tufuate maji yanakoshuka," Waringa alisema. "Maji lazima yafike kwa watu."

"Maji yanafika kwa maporomoko kwanza," alisema Rebeccah. "Tupande huku, tutafute mahali tutaona jua. Majani chai iko upande wa jua kuzama."

Walibishana kidogo. Mwishowe wakajaribu wazo la Waringa, na punde wakafika mahali ambapo ardhi ilikatika na mto ukaanguka ndani ya weupe usio na mwisho. Waringa alitazama chini, akageuka. Wakapanda.

Walimvuta Nicholas juu ya turubai, kila mmoja ameshika pembe yake. Mianzi ilikuwa imesongamana kiasi cha kuwafanya wapite kwa ubavu, na kila hatua waliteleza. Walikuwa wanakaribia kuishiwa nguvu pale mianzi ilipoachana ghafla na mbele yao kukawa na njia. Ilikuwa pana, imekanyagwa ikalainika, inapanda mteremko kwa mizunguko mizuri.

"Barabara," Waringa alinong'ona. "Ni ya wakata mbao."

Hapo kuvuta kukawa rahisi. Turubai liliteleza vizuri juu ya udongo laini. Walikuwa wameshaenda kitambo Rebeccah aliposimama. Mbele ya miguu yake kulikuwa na rundo la kinyesi, kubwa kama karai, na mvuke ulikuwa unapanda kutoka ndani yake.

"Mama Kuria," alisema polepole sana. "Hii si barabara ya watu."

Mawe ya kijivu yaliyokuwa juu ya mteremko yalianza kutembea.

Hapakuwa na mahali pa kukimbilia. Wanawake wale walilala kifudifudi, mmoja kulia kwa Nicholas na mwingine kushoto. Ndovu walishuka kutoka kwenye ukungu, na jambo ambalo Waringa hakuliamini, hata alipolisimulia miaka iliyofuata, ni kwamba hawakuwa na sauti. Miili mikubwa namna ile, na miguu yao iligusa ardhi kama mikono inayokanda unga. Kilichosikika ni mtetemo tu, mzito, wa chini, uliopita kwenye udongo na kuingia ndani ya mbavu zake.

Aliyeongoza alikuwa jike mzee mwenye sikio lililopasuka. Alisimama juu yao. Kundi zima likasimama.

Mkonga ulishuka. Ulipita juu ya turubai, ukagusa mguu uliofungwa, ukatulia hapo. Nicholas alikuwa amefumba macho. Mkonga ukapanda, ukanusa blanketi za mtoto mgongoni mwa Rebeccah, ukazinusa muda mrefu. Kisha ukafika shingoni mwa Waringa. Pumzi ilitoka, ya moto, yenye unyevu, yenye harufu ya nyasi na udongo uliochimbwa. Nywele za Waringa zilipeperuka. Alikuwa amejiandaa kufa, lakini kilichomjia hakikuwa hofu. Alihisi udogo, udogo mkubwa na mtulivu, kama mtoto mchanga anayenuswa na mtu wa nyumbani.

Ndama mmoja alikuja akakanyaga ukingo wa turubai, akawatazama kwa jicho la kahawia lenye kope ndefu. Mama yake akamzungushia mkonga shingoni, akamwondoa taratibu. Kisha wote wakaanza kupita, upande huu na upande ule, kama mto unavyopita jiwe. Walipokwisha, ukungu ukajifunga nyuma yao.

Rebeccah ndiye aliyeketi kwanza. Mashavu yake yalikuwa yamelowa.

"Wanaenda kunywa," alisema. "Au wanavuka."

"Basi mahali wanavukia, na sisi tutavuka turudi upande wa nyumbani," Waringa alisema.

Waligeuza turubai, wakawafuata kwa mbali. Njia ilizunguka bega la mlima, ikashuka mahali ambapo mto ulipanuka juu ya mwamba mpana. Walimwona wa mwisho akitoka ng'ambo, maji yakimchuruzika tumboni. Walingoja mpaka mianzi iache kutikisika. Ndipo Rebeccah akakata mwanzi mrefu wa kupimia kina, wakaingia, Nicholas akiwakumbatia mabegani.

Katikati, mguu wa Rebeccah uliteleza. Alianguka, na mkondo ukamvuta Nicholas pamoja naye. Waringa, ambaye hakujua kuogelea na hakuwahi kuingia mto wowote zaidi ya vifundo vya miguu kabla ya safari hii, aliushika ukosi wa koti la kijana kwa mkono mmoja na mkono wa Rebeccah kwa mwingine. Akakaza miguu ndani ya ufa wa mwamba. Maji yalimpiga kifuani.

"Shika mguu wangu," alimwambia Rebeccah. "Panda kwangu. Mimi sitoki hapa."

Na hakutoka. Rebeccah alipanda kwa mwili wake kama mtu anavyopanda mti, akasimama, na wakamvuta kijana mpaka ng'ambo. Huko walilala juu ya mwamba, wakitapika maji na kucheka bila sababu.

Mchana ulikuwa umeanza kuinama walipotoka kwenye mianzi ya mwisho. Ukungu ulikuwa umepanda. Mbele yao, kutoka ukingo wa msitu hadi macho yalipoishia, kulikuwa na majani chai, kijani kibichi, yamekatwa kimo kimoja juu ya vilima na mabonde kana kwamba mtu amepitisha kisu juu ya nchi yote. Waringa alikuwa ameyaona kila siku ya maisha yake. Alisimama akayatazama kama mtu aliyefika nchi kavu.

Mwanamke mmoja mchumaji, jina lake Phelis, aliinua kichwa. Kikapu kikamtoka mgongoni.

"Mmetoka wapi?"

Rebeccah alionyesha msitu.

"Huko hakuna watu," Phelis alisema.

"Hakuna," Rebeccah alikubali. "Tusaidie, huyu kijana mguu wake umevunjika."

Hospitalini Nicholas aliwekwa chuma mguuni, na daktari akasema atatembea. Nyanya wale wawili walilazwa vitanda vilivyounganishwa, mikono imejaa mikwaruzo ya mianzi. Kesho yake Kuria, aliyekuwa amezunguka msituni na watu wengine akiwatafuta, aliingia na Dorine. Dorine alilia mlangoni, akalia kitandani kwa mama yake, kisha kwa mamamkwe wake. Halafu akamlaza mtoto kati yao, kwenye ukingo ambapo vitanda viligusana.

Alikuwa msichana, mwekundu, amekunja ngumi. Waringa aliinama akaweka shingo yake karibu na pua ndogo ile. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Unasikia?" Rebeccah aliuliza.

"Nasikia," Waringa alisema. "Pumzi yake ni moto kama ile ya msituni."

Rebeccah naye akainama. Kuria alimtazama Dorine, Dorine akatikisa kichwa.

Nesi alipita na kusimama miguuni pa vitanda. "Saa za wageni zimeisha. Mgeni ni nani hapa?"

Wanawake wale walitazamana.

"Ni huyu," Rebeccah alisema, akimgusa mtoto kwa kidole kimoja. "Amefika juzijuzi tu. Mwache akae kidogo."