Jiko la Mwisho Nyarubanga

Karibu, mdogo wangu. Kaa hapo kwenye kigoda, karibu na moto, upepo wa ziwa usikupate. Figa ulilotumwa utalichukua, haliendi popote. Kwanza nisikilize.

Mimi ni Frida. Nilikuwa naanika dagaa Kibirizi, na mdomo wangu soko zima waliujua. Jioni moja, jua linazama upande wa Kongo, dada yangu Skolastika akanifuata vichanjani. Mwanangu Elia alikuwa na homa siku ya tisa. Hospitali walipima wee, hawakuona kitu.

"Mtoto anadai jiko la kwao," akaninong'oneza. "Nenda Nyarubanga, ulete figa moja la nyumba yenu ya zamani. Selestini atakupeleka."

Selestini ni mumewe, shemeji yangu wa kutaniana. Siku hiyo hakunitania.

Nyarubanga unaiona ilivyo. Maji yalipopanda, ziwa lilikula mchanga wa kuanikia, likala nyumba za mbele, tukahamia Bangwe. Tuliambiwa ni maji. Lakini hata huku mlimani, ambako maji hayafiki mpaka kiama, watu walihama. Nami sikujiuliza. Mpumbavu mimi!

Selestini akanishusha ufukweni. Hakuzima injini ya boti.

Nikapanda. Kimya... Hata mbwa hakuna. Milango imeng'olewa, magugu yamefika madirishani. Halafu nikasikia harufu.

Moshi.

Ulitoka nyumbani kwangu. Hapa hapa. Kwenye kigoda hicho hicho ulichokalia kulikuwa na mwanamke amejitanda kanga.

"Rozalia?"

"Ego," akaitikia taratibu. "Ni mimi."

Jamani! Rozalia, jirani yetu wa hapa hapa, tuliambiwa amevuka Kongo na mchuuzi wa vitenge, kaacha watoto. Nani alimsema kuliko mimi? Nilimcheka mbele ya soko zima. Kumbe miaka mitatu yuko hapa, nywele nyeupe, macho hayapepesi.

"Nani amekutuma?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Dada."

Akatikisa kichwa. Moto ulikuwa unafifia. Sasa mimi, mdogo wangu, nimelelewa. Mwanamke wa kwetu hakai jikoni akatazama kuni zinaishia nje ya mafiga. Mkono ukaenda wenyewe. Nikasogeza kuni.

Rozalia akasimama.

"Nisamehe, Frida." Machozi yalimtoka. "Moto huu ukizima, kilichoamka majini kinaona kijiji hakina watu, kinawafuata Bangwe. Kinaanza na watoto. Anayesogeza kuni ndiye anayebaki. Mimi alinituma mama yangu."

Akashuka mbio. Nilipofika ufukweni, boti imeshageuka, yeye ndani. Nikaita, nikamtaja Selestini kwa jina la mama yake. Hakugeuka.

Nikashika njia ya mlimani. Asubuhi nikafika kwetu, nikakuta turubai limefungwa uani, watu kwenye mikeka, sufuria za msiba jikoni. Mtu amesimama anasoma wasifu wa marehemu.

Wasifu wangu.

Niliondoka jana jioni! Turubai la kukodi linaagizwa siku moja kabla, mimi nimeshaagiza mara ngapi? Walikodi nikiwa bado naanika dagaa.

Elia alikuwa anakimbia na andazi mkononi, mzima kabisa. Nikamkumbatia. Akaanza kuchemka mikononi mwangu, macho yakageuka. Nikamwachia, akapoa. Nikamshika tena... akachemka.

Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyeshangaa kumwona marehemu. Skolastika akatazama chini. Mama yangu mzazi, aliyenibeba mgongoni, akaniinamia sikioni.

"Rudi, mwanangu."

Neno hilo ndilo lililoniua. Hawakuniambia, hawakuniomba. Wangeniomba, kwa ajili ya Elia ningekuja kwa miguu yangu. Wakaona afadhali wanizike.

Nikarudi. Mpaka leo, giza likiingia, kinapanda kutoka majini... chapa... chapa... chapa... Kikiona mwanga kinaishia pale mlangoni, kinapumua. Kinanuka matope. Sikijui ni nini na sijawahi kuchungulia.

Mbona unatazama mlangoni? Mtoto wako ana homa siku ya ngapi? Najua, waliokutuma ni watu wako wa karibu. Huwa ni hao hao.

Ningekuonya, kweli. Nilipofungua mdomo kukukaribisha nilitaka nikufukuze. Lakini Elia ameshaanza shule bila mimi, na sijui kama anakumbuka sauti yangu.

Usinitazame hivyo. Nilipokuwa nasimulia habari za Rozalia, moto ulififia, nami sikuugusa. Mkono wako ulikwenda wenyewe.

Umelelewa vizuri, mdogo wangu. Nisamehe. Ile boti yako bado inanguruma huko chini.