Kigoda cha Mizani

Kila Jumamosi, akishafagia ua, Chiriku alimsaidia mama yake kutengeneza sabuni katika chumba cha nyuma. Zamani yeye ndiye aliyekaa kwenye kigoda kando ya mizani, akimsomea mama vipimo. Tangu binamu yake ahamie kwao, kigoda kilikuwa cha binamu, na Chiriku alisugua visanduku vya kugandishia sabuni.

Binamu huyo walimwita Kobe, maana hakuwa na haraka na lolote.

"Kobe, mwanangu, njoo usome," mama aliita.

"Eti mwanangu!" Chiriku alinong'ona, akakisugua kisanduku kana kwamba kimemtukana.

Siku hiyo mizani ya betri ilizimika. Mama akatoa ile ya zamani yenye sahani mbili, pamoja na mawe yake: kilo, nusu, robo na thumuni, yaani moja ya nane ya kilo. Akavaa glavu. Alitaka kupima kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Ikizidi, sabuni huunguza ngozi. Ndiyo maana nyumba ile ilikuwa na sheria yake: aliyesoma kipimo ndiye anayenawa kwanza sabuni ikishakomaa.

"Kilo sifuri nukta sita mbili tano," Kobe alisoma kwenye daftari la vipimo. "Tarakimu tatu baada ya nukta. Basi ni mia sita ishirini na tano juu ya elfu moja." Akayatazama mawe. "Lakini shangazi, hakuna jiwe la elfu."

Chiriku alijua la kufanya. Akafunga mdomo. Acha akwame, alijisemea moyoni. Leo mama ataona.

"Labda nusu na robo," Kobe alisema kwa unyonge.

Mama akaweka mawe hayo, akafungua kopo. Kobe alikuwa amevikunja vidole vyake mapajani. Vidole hivyo vilimsuka Chiriku asubuhi ile, polepole, bila kumvuta hata unywele. Ndivyo vitakavyonawa kwanza.

"Mama, usimimine!" Chiriku alipaza sauti. "Kobe, rahisisha kwanza. Gawanya juu na chini kwa tano."

"Mia moja ishirini na tano juu ya mia mbili."

"Tena."

"Ishirini na tano juu ya arobaini."

"Tena!"

"Tano juu ya nane." Kobe alifikiri, kisha akaruka. "Nne za nane ni nusu, inabaki moja! Nusu na thumuni!"

Mama aliondoa robo, akaweka thumuni. Kisha akamgeukia bintiye. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu aliposema elfu." Chiriku aliinamisha kichwa. "Nilitaka akosee, unirudishie kigoda."

"Si ungesema tu?" Kobe alishangaa. "Chenyewe kinaniumiza mgongo!"

Mama alicheka kidogo, kisha akavua glavu, akawashika wote mabega.

"Mwanangu, mmegawanya mara tatu. Kipimo kimepungua?"

"Hapana, mama. Ni kilekile."

"Basi na upendo wangu ni hivyo. Nimeugawa, na wako haujapungua hata chembe. Wivu ulikudanganya, ukakaribia kumuunguza mwenzako. Ukijua jambo, liseme mapema."

Sabuni ilipokomaa, hawakubishana ni nani aliyesoma kipimo. Walinawa pamoja, katika beseni moja.