Mzigo wa Mkurugenzi

SAA TATU ASUBUHI, SONI

Chumba cha nyuma ya bucha hakikuwa na dirisha. Kilinuka mafuta ya ng'ombe. Watu wanne walilizunguka gogo la kukatia nyama, na kati yao ni Valentino peke yake, mkurugenzi, aliyetandika leso kabla ya kukaa.

Raheli aliiona ile leso akataka kutema mate.

Alimjua mtu huyu. Aliwahi kuwa kibarua kwenye karakana yake Lushoto, kazi yake kubandua stika za Kichina kwenye vidhibiti vya pampu za umwagiliaji na kubandika nyingine: Fahari ya Usambara. Waandishi wakaja kumpiga picha Valentino, wakamwita mvumbuzi. Labda wa gundi. Kila kitu ndani ya vile viboksi, hadi skrubu, kilitoka kiwanda kimoja Shenzhen.

"Lori linapanda kutoka Mombo, saa saba litakuwa hapa chini," Valentino alisema. "Limebeba katoni za chipu, ubongo wa vile vidhibiti. Wachina na Wamarekani wamevimbiana, na chipu hizi zimezuiwa kutoka kiwandani. Mzigo huu ndio wa mwisho. Mnunuzi wenu wa Nairobi atawabusu miguu."

"Na wewe unapata nini?" Alen aliuliza. Alen ndiye aliyeongoza genge. Alikuwa kaka yake Raheli, tumbo moja.

"Bima itanilipa. Muda huo nitakuwa Bumbuli, mbele ya wakulima, nikiwaambia vidhibiti vyao viko njiani. Mlinzi ana bunduki lakini haina risasi. Nimehakikisha."

"Si ungeagiza kwingine?" Raheli aliuliza.

Valentino alimtazama kama inzi aliyetua kwenye chai yake. "Kwingine wapi, dada? Unadhani hizi ni kabichi?"

"Bora zingekuwa kabichi. Kabichi tunalima wenyewe."

Twaha akacheka. Huyu alikuwa bondia zamani, huko Tanga. Sasa alikuwa mtu wa kazi chafu. Alen hakucheka.

"Funga mdomo, Raheli. Uliitwa kuendesha."

SAA SABA, KONA CHINI YA SONI

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Raheli aliikingamisha pikapu, akainua boneti kama mtu aliyeharibikiwa. Lori lilipanda likihema, likafunga breki.

Alen na Twaha wakachomoka vichakani, bastola mbele.

"Shuka! Mikono juu!"

Dereva alikuwa mzee, kofia ya sufu imemfika masikioni. Raheli alijikuta mdomo umemtangulia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," mzee alijibu, mikono juu.

"Mnasalimiana?" Alen alifoka. "Mnasalimiana kweli?"

Mlinzi hakungoja kuulizwa. Alitupa bunduki akateremka korongoni kama mbuzi. Wakamfunga mzee kwenye usukani wake, wakaanza kuhamisha katoni.

Raheli alibeba ya kwanza, akasimama. Ilikuwa nzito. Ya pili nayo ilikuwa nzito. Katoni za chipu alizozoea kule karakanani ulizibeba kwa mkono mmoja huku wa pili ukila andazi.

"Kaka, hizi katoni..."

"Pakia!"

SAA NANE, NJIA YA BUMBULI

Kutoka Soni walishika njia ya vumbi, kuwakwepa askari wa barabara ya lami. Pikapu ililalia nyuma kama imebeba viazi. Walipoingia kwenye mashamba ya chai, Raheli akafunga breki.

"Umeichoka roho yako?" Alen aliuliza.

"Fungua moja. Moja tu."

Alen alichana katoni kwa kisu. Ndani kulikuwa na vipande vya matofali ya kuchoma, vimefungwa kwa magazeti. Akachana ya pili. Tofali. Ya tatu. Tofali.

"Hazikuja," Raheli alisema. "Kiwanda kilizuiwa, na bwana mkubwa hana kiwanda kingine wala hajui kutengeneza hata swichi. Akatafuta wezi wa kuwasingizia. Akatupata sisi mabwege."

"Hamkupaswa kufungua."

Alikuwa Twaha. Mkono mmoja ulishika dumu la petroli, wa pili bastola.

"Valentino alinipa kazi ya kuchoma gari na mzigo, ushahidi usibaki. Ningewashusha kwanza, wallahi."

"Muongo!" Alen akamrukia.

Mlio mmoja. Alen aliangukia matofali, ameshika tumbo. Raheli alirusha kipande alichokuwa nacho mkononi, kikampata Twaha usoni, naye akabiringika mteremkoni katikati ya michai. Hakumwangalia mara ya pili.

"Turudi," Alen alinong'ona alipopandishwa kwenye kiti. "Nina mtu wa kunitibu Korogwe."

"Utakata roho kabla ya Soni."

"Bumbuli kuna polisi."

"Na daktari yupo." Alikanyaga mafuta. Alimdharau kaka yake tangu utotoni, na machozi yalikuwa yakimtoka hata akawa haioni barabara vizuri.

SAA TISA, BUMBULI

Manesi walimpokea Alen kwa machela.

"Nani kampiga?"

"Rafiki yake."

Angeweza kutoroka. Injini ilikuwa bado inaunguruma na hakuna aliyemzuia. Lakini kutoka uwanjani ilisikika spika, na sauti ya Valentino imevaa msiba: "Ndugu wakulima, nimepigiwa simu sasa hivi. Majambazi wametuvamia..."

Raheli aliirudisha pikapu kinyumenyume hadi miguuni pa jukwaa, akafungua mlango wa nyuma. Matofali yakamwagika.

Mama mmoja mwenye kitenge aliokota kipande, akakigeuza, akauliza kwa Kishambaa kama hiki ndicho kitakachovuta maji hadi shambani kwake. Hakuna aliyecheka.

"Huu ni mgogoro wa kimataifa, ndugu zangu," Valentino alisema, jasho likimtiririka. "Mambo ya dunia..."

Mama yule alipanda jukwaani, akamnyang'anya kipaza sauti.

Askari alimshika Raheli mkono. Hakubisha.

"Mko wangapi?"

"Mmoja yuko hospitali, anavuja damu. Mwingine yuko kwenye chai." Raheli aliinua kidevu kuelekea jukwaani, kwa mtu aliyekuwa akitafuta ngazi za kushukia. "Aliyetutuma ni yule. Wahi, kabla hawa kina mama hawajamfikia."