Kompyuta ya Bure ya Mama Anatolia

"Shika vizuri, Mama!"

"Nimeshika tangu Muleba mjini! Wewe ongeza moto!"

Pikipiki ya TVS iliruka tuta, ikatua, ikanguruma. Mbele yao Land Cruiser nyeupe ilitimua vumbi kuelekea ziwani. Mlangoni ilikuwa na maandishi makubwa: KOMPYUTA KWA KILA KAYA.

Dereva wa pikipiki alikuwa Joviana Kahangwa, wakala wa siri wa daraja la kwanza. Mkanda mweusi wa karate. Bastola ya Glock chini ya koti. Saa ya Casio yenye kamera. Jina la kazi: Konokono. Jina hilo alipewa na bosi wake, na historia itamhukumu bosi huyo.

Nyuma yake alikaa Mama Anatolia, mjane, mkulima wa migomba na kahawa. Hakuwa na silaha yoyote. Alikuwa na hasira.

Na alikuwa na haki.

Serikali ilikuwa imelipia kompyuta zile hadi senti ya mwisho. Zilitakiwa zifike kwa kaya masikini bure. Lakini mzabuni wa kuzisambaza, Datius Rugaibula, alibuni kitu alichokiita ada ya uwezeshaji. Huna ada? Hakuna shida. Weka dole gumba, toa butura: kahawa yako, ingali mbichi juu ya mti, inakuwa yake. Butura ni marufuku, lakini dole gumba la mwenye shida halisomi sheria.

Mama Anatolia aliweka dole, kwa sababu binti yake Evelyne alikuwa kidato cha tatu na watu walisema dunia yote sasa imo ndani ya kompyuta.

Kompyuta ikaja. Haikuwaka. Ikapelekwa kwa jirani mwenye sola. Haikuwaka. Kuku akaipenda, akatagia juu yake.

Kahawa ikachumwa yote, na kahawa hiyo ndiyo ilikuwa ada ya shule ya Evelyne.

Sasa ilikuwa ndani ya Land Cruiser, katika maboksi ya kompyuta yenye lakiri ya Serikali, yaliyoandikwa ZINARUDISHWA KWA MATENGENEZO. Ikifika kisiwa cha Goziba itavushwa mpaka kwa magendo, na Evelyne atarudi nyumbani kulima.

Walifika mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, jua likiwa utosini. Maboksi yalikuwa yanapakiwa kwenye mtumbwi wenye injini ya Yamaha. Joviana alichomoa simu ya upepo.

"Kibeta, hapa Konokono. Naomba ruhusa ya kufungua maboksi."

Bosi wake, Mzee Karugendo, alijibu kutoka Kibeta, makao makuu ya siri, ambayo kwa nje ni saluni ya kusuka nywele. "Subiri, Konokono. Lakiri ya Serikali haivunjwi bila kibali. Tumeomba Dodoma."

"Kitafika lini?"

"Baada ya kikao."

"Kikao cha nini, mzee?"

"Cha kupanga siku ya kikao."

Hasira ilimpanda Joviana kuanzia visiginoni. Glock ni silaha nzuri, lakini haipigi risasi utaratibu.

Datius alimwona, akatabasamu chini ya miwani ya Ray-Ban. "Karibu, kaisiki, binti mzuri. Unauza karanga?"

"Nakagua kompyuta."

"Zimeharibika. Zinakwenda kwa fundi."

"Goziba? Fundi gani wa Goziba, anayetengeneza kompyuta kwa sindano ya nyavu?"

Wauza dagaa waliangua kicheko. Koplo Isaac, mlinzi wa mwalo, alikohoa kwa aibu. "Dada, lakiri ni lakiri. Mimi nina watoto."

Haidari, nahodha wa mtumbwi, alivuta kamba ya injini. Yamaha ilikohoa mara moja.

Joviana alimwinamia Mama Anatolia, akamnong'oneza kwa Kihaya: "Mama, umefika kwake. Amekupa cha kutafuna?"

Mama alielewa. Kwa Wahaya mgeni hupokewa kwa punje za kahawa iliyokaushwa, atafune. Kumnyima mgeni mzee ni kuutukana ukoo wako mwenyewe.

"Datius! Mwana wa Rugaibula!" Sauti yake ilifika hadi majini. "Kwa baba yako hakuna mgeni aliyetoka mdomo mkavu. Wewe umechuma kahawa yangu yote, na leo nimekufuata mpaka hapa. Hata punje moja hunipi?"

Mwalo mzima uligeuka kumtazama Datius.

"Waitu! Hata punje?" muuza dagaa mmoja aliguna.

"Ndio hao wenye Land Cruiser," mwenzake alijibu.

Datius aliiva uso. Kuitwa mwizi angevumilia. Kuitwa mtu asiye na malezi, mbele ya watu wa kwao? Alijipapasa mifukoni. Tupu.

"Haidari! Mpe mama kahawa atafune, aende zake!"

Alimaanisha akanunue kwenye kibanda cha jirani. Lakini Haidari alikuja ukanda huu kuvua sangara, si kukaribishwa majumbani mwa Wahaya. Alijua kahawa iko mahali pamoja tu.

Alichomoa kisu. Akachana lakiri ya Serikali. Akachota viganja viwili, akampa mama kwa adabu zote.

"Karibu, mama."

Boksi lilipinduka. Buni zilitiririka juu ya buti za Koplo Isaac.

"Bwana Datius," Koplo alisema taratibu, "hii kompyuta inamwaga buni."

Datius alitimua mbio. Teke moja la Konokono lilimtupa ziwani. Alitoka bila Ray-Ban, akavikwa pingu.

"Watu hawa nimewapa kompyuta bure!" alifoka.

"Bure?" Joviana alimkaribia hadi pua zikakaribia kugusana. "Serikali ilizilipia kwa kodi, na hata chumvi ya mama huyu ina kodi. Kisha akalipa tena kwa kahawa yake. Amelipa mara mbili, kapata kiota cha kuku!"

Koplo alijikuna kichwa. "Ila dada, kahawa yote ni kielelezo. Itakaa kituoni hadi kesi iishe."

Mama Anatolia aliketi chini mbele ya maboksi.

"Kielelezo ni boksi hili moja na lakiri yake," Joviana alisema. Aliinua Casio, akapiga picha maboksi mengine yote. "Mengine utayakuta kwenye picha. Picha haidaiwi ada ya shule."

"Sheria inasema..."

"Sheria ilikuwa wapi kahawa ikichumwa?"

Koplo alikunja mikono ya shati, akaanza kuyarudisha maboksi kwenye Land Cruiser; Datius na pingu zake akawekwa juu yake.

Mama Anatolia alikwea kiti cha mbele cha Land Cruiser, akafunga mlango kwa kishindo. "Koplo, endesha. Tunapita ghalani kuuza, halafu shuleni kulipa ada. Nyumbani baadaye."

Joviana alivaa helmeti, akawasha TVS, akapanda mlima bila kugeuka.